Maji ya Nyungu ya Mama

Saa nne asubuhi mjini Busia, malori yamejipanga kuelekea mpakani na boda boda zinapigiana honi, mwanamume mwenye shati la samawati lililonyooshwa kwa pasi aliingia katika duka la Mugeni la filta za maji. Moyo wa Mugeni ulimlipuka. Miaka minne ilikuwa imepita na Egwang bado alikuwa na ile harufu ya sabuni ya mche!

"Karibu, boss," alisema kwa ubaridi, akinyoosha gauni lake la kitenge.

"Nataka filta ya maji. Ya mashine ya espresso, ile ya nyumbani."

Espresso! Enzi zile Egwang alikuwa karani wa kutoa mizigo forodhani Malaba. Walikuwa wakinywa kahawa ya kibandani, kikombe kimoja watu wawili, na Mugeni akiapa kuwa siku moja atakuwa na mashine ya kutoa povu. "Nitakununulia, sweetie," Egwang alimwambia kila mara. Kisha ikafika Jumamosi ya Egwang kujitambulisha kwa kina Mugeni, Nambale. Kuku wanne walichinjwa, shangazi wakaketi, jua likazama. Egwang hakuonekana, na simu yake ilizimwa.

"Umeleta maji ya hiyo nyumba?" Mugeni aliuliza. "Mimi siuzi filta kama sijapima. Maji ya chumvi inaweka ukoko mweupe, mashine inaziba. Na ukitoa chumvi yote, kahawa inakosa taste."

Egwang alitoa chupa mfukoni. "Hii hapa."

"Mashine iko kwako?"

"Hapana. Kuna watu nilipelekea."

Wivu ulimchoma Mugeni vibaya. Ndoto yake yeye, kapewa mwingine! Alitumbukiza karatasi ya kupimia, ikageuka rangi: maji magumu kweli. Kwa mazoea akaonja kidogo, na mkono ukabaki hewani. Aliijua ladha ile ya chumvi na udongo. Ilikuwa ya kisima kilicho nyuma ya jiko la mama yake, maji yaliyolala kwenye nyungu aliyonywea utoto wake wote.

"Hii maji ni ya kwetu," alisema polepole, kisha akampigia mama yake simu.

"Ameshafika?" Mama Zilpa alicheka. "Alikuja Jumapili, akatupigia magoti sisi wote. Hiyo mashine yake nimeweka kwa kabati, nimefunika na kitambaa cha kufuma. Lakini Mugeni, hiyo kitu inapika nini?"

Mugeni alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

"Ile wiki nilifutwa kazi," Egwang alisema. "Niliona aibu kuja mikono mitupu, nikatoroka. Wao ndio waliningoja siku nzima, so nimeanza na wao. Sasa nimekuja kwako. Nioe mimi, ama unifukuze, lakini usininyamazie."

"Mwanaume ndiye anaoa, wewe!"

"Basi kubali nikuoe."

Mugeni alijipangusa macho kwa kiganja. Alipita mashine kubwa zinazotoa chumvi yote, akachukua jagi la kuchujia linalolainisha maji bila kuyaua ladha, akaliweka kwenye kaunta.

"Hii itafaa maji ya mama. Kichujio kinabadilishwa kila miezi miwili."

"Na kujitambulisha?"

"Jumamosi. Lakini hatutakungoja tena, Egwang. Saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni kwako, nikuchukue mwenyewe."