Nakala ya Upande Mmoja

Dada alitoka nyumbani jua likizama, kapu mkononi, kwenda kuchukua kofia ya mtu ambaye huenda asingeivaa kamwe.

Kila mtu alimwita Dada, hata wateja waliomzidi umri. Cherehani yake ilikaa kibarazani, na mdogo wake alikuwa na mazoea ya kumwita kwa sauti tangu kona ya barabara, "Dada eee!" mpaka jina likamganda.

Huyo mdogo wake walimwita Kamanda. Alikuwa dereva wa lori, mtu mzima mwenye ndevu, lakini alikuwa na ugonjwa wake. Alikusanya vifaa vya tamthilia ya zamani ya televisheni, ile ya watu waliosafiri kwenye nyota kwa chombo chenye umbo la sahani. Si vifaa vyenyewe. Hivyo ni vya matajiri. Vya kwake vilikuwa nakala za bei nafuu. Bastola ya mwanga iliyotengenezwa kwa kikausha nywele kibovu. Simu ya angani iliyokuwa kopo la sabuni. Alivipanga kwenye rafu chumbani kwake, vyote vikitazama mbele, vimeegemea ukuta.

"Usikigeuze," alimwambia Dada kila alipokuja na kitambaa cha kufutia vumbi. "Ukikigeuza, utamu umekwisha."

Walipokuwa watoto, waliitazama tamthilia hiyo kupitia dirisha la jirani, mmoja amembeba mwenzake mabegani kwa zamu. Tangu hapo, kila aliporudi safari, Kamanda alisimama mlangoni na kuuliza, "Kituo, Kituo, unanipata?"

Naye Dada, hata akiwa na sindano mdomoni, alijibu, "Nakupata, Kamanda. Rudi nyumbani."

Kisha mvua ikabeba daraja. Lori lilionekana mtoni, limelala ubavu. Dereva hakuonekana.

Mama yao alipoambiwa hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Mwili mmeuona?"

"Bado, Mama."

"Basi nitakula akirudi."

Akafumba mdomo. Uji ulirudi jikoni kama ulivyokwenda. Dawa ya moyo ilitemwa. Kitu pekee alichokubali ni kukandwa mgongo kwa mafuta kila jioni, na kila jioni vidole vya Dada vilihesabu mifupa iliyokuwa imefichika jana yake. Muuguzi aliyekuja kumpima alimvuta Dada pembeni. "Asipokula, dada yangu, tusidanganyane."

Ndiyo maana jioni ile, fundi wa nakala zile alipotuma ujumbe kwamba kofia aliyoiagiza Kamanda kabla ya safari iko tayari, Dada alikwenda. Alitaka tu kutoka ndani ya nyumba ile.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya duka la mbao. Mwenyewe walimwita Mzee Gundi, kwa sababu vidole vyake vilikuwa na ngozi ya pili, nyeupe, iliyobanduka kama ya nyoka. Ndani palinuka rangi, vumbi la mbao... na kitu kingine kama nywele zilizoungua.

"Pole, mwanangu," alisema bila kuinuka. "Nimesikia."

Kofia ilikuwa mezani. Dada alijishika kifua. Ilikuwa nzuri! Ya fedha, yenye kioo cheusi mbele na taa mbili ndogo ubavuni. Akainyanyua, akaigeuza.

Nyuma hapakuwa na kitu. Boksi la kahawia, pini za kubania karatasi, vipande vya magazeti vilivyolowekwa gundi. Nusu ya kofia, iliyo tupu kama ganda.

"Ndivyo walivyofanya wenyewe kwenye tamthilia," alisema Mzee Gundi. "Kamera haizunguki nyuma, kwa hiyo kwa nini umalize nyuma? Mtu huamini upande anaoonyeshwa."

Dada alikusudia kucheka. Kilichotoka ni kilio, kile alichokizuia mbele ya Mama kwa muda wote ule. Alilia amekumbatia boksi.

"Ningepata hata nakala yake," alisema. "Hata ya hivihivi. Mama amwone tu, ale."

Msumeno uliokuwa ukikereza mbao kwenye duka la mbele ukanyamaza.

Mzee Gundi alimtazama. Hakuwa na uso wa mtu mbaya. Dada aliliwaza hilo baadaye mara nyingi. Alikuwa na uso wa fundi aliyeulizwa kama kazi fulani inawezekana.

"Kamili siwezi," alinong'ona. "Kamili inataka mwili. Ya bei nafuu... niletee kitu alichokishika kuliko vyote."

Mtu mwingine angekimbia. Lakini huyo mtu mwingine hakuwa na mama anayekauka kitandani. Dada alikwenda nyumbani, akarudi na bastola ya mwanga, ile ambayo mpini wake ulikuwa umelika kwa vidole vya miaka yote.

"Mbele tu," alisema Mzee Gundi akiipokea. "Awe ukutani. Na mtu asimkumbatie. Kitu chenye uwazi hutafuta cha kujazia."

Kesho yake magharibi, Dada akiwa anakunja vitambaa, alisikia nyayo kibarazani.

Nyepesi mno. Kama za sanduku tupu linaloburutwa.

"Kituo, Kituo... unanipata?"

Sindano iliyosahaulika kwenye kitambaa ilimchoma kidole na hakuhisi.

Alikuwa amesimama mlangoni. Ndevu zake. Kovu lake kwenye nyusi. Shati lile lile la safari, kavu. Harufu ya gundi ilimtangulia ndani. Aliingia kwa ubavu, mgongo ukikwaruza mwimo wa mlango, kisha ukuta, kisha kabati, hatua kwa hatua, uso ukimwelekea Dada wakati wote. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjika kama unaoshika mpini. Haukukunjuka.

Dada alitaka kupiga kelele. Chumbani, Mama alikohoa.

"Nani huyo?"

Dada akafunga mlango. "Ni Kamanda, Mama."

Mama alikula bakuli zima. Alilishwa na mkono ule uliokunjika, kijiko kimechomekwa kati ya vidole, na kwa kila funda alimtazama mwanawe kama mtu anayesoma barua. Akameza dawa. Akalala akitabasamu.

Wiki haijaisha, Mama aliketi mwenyewe. Mashavu yakarudi. Jirani, aliyemwona dirishani, akapaza sauti uani, "Shoga, mama yako kawa mwari! Mnampa nini huko? Nami niletewe, mgongo wangu umenisaliti!"

Dada alicheka kwa meno tu.

Maana hakulala, hakushona. Kazi yake ilikuwa moja: mgongo ule usionekane. Alifunika kioo cha kabati kwa shuka. Alikisogeza kitanda ili Mama amwone kwa mbele tu. Kamanda alikaa ukutani kutwa, hali, hanywi, na alikuwa na maneno machache tu, yale yale, kwa sauti ile ile. "Kituo, unanipata?" "Usikigeuze." "Rafu imejaa, Dada." Ni maneno yaliyowahi kusemwa mbele ya bastola ile, basi. Siku moja Dada alimwuliza kwa kunong'ona, "Ulizama? Niambie tu. Uliumia?"

"Rafu imejaa, Dada."

Kisha jioni moja alitoka kuanua nguo. Akageuka kutazama nyumba.

Kamanda alikuwa amehama. Alikuwa mbele ya dirisha, akimtazama Mama. Mgongo ulikuwa nje.

Hapakuwa na mgongo.

Palikuwa na boksi la kahawia. Pini. Magazeti. Na ndani ya uwazi ule, mahali pa moyo, bastola ya kikausha nywele ilining'inia kwenye waya... ikiyumba. Taratibu. Kama inayopumua.

Nguo zilianguka. Dada akafunga dirisha kwa nje, kimya, kama anayefunika maiti. Akaokota nguo moja moja. Ndani alimsikia Mama akicheka, kicheko ambacho hakikusikika tangu daraja livunjike.

Akaingia na kupika uji.

Alikuwa anakoroga aliposikia kitanda kikilia. Miguu ikagusa sakafu. Mama alikuwa amesimama, kwa nguvu zake mwenyewe, nguvu ambazo Dada alizipigania kwa roho yake yote.

"Njoo, baba," Mama alisema. "Muda wote huu hujanikumbatia."

Mwiko ulianguka.

Alifika mlangoni akiwa amechelewa. Mikono ya Mama ilikwisha kumzunguka mwanawe. Dada aliona viganja vikipapasa pembeni, vikitafuta mgongo. Vikaingia. Vikazama mpaka viwiko.

Mama hakupiga yowe.

"Baridi..." alinong'ona. "Mbona mtupu hivi, mwanangu?" Kisha, kwa upole ule wa kumfunika mtoto shuka, "Ngoja. Ngoja nikujaze."

Ikasikika sauti kama ya karatasi inayochanwa polepole, ndefu, isiyokwisha. Nywele zilizoungua zilinuka nyumba nzima. Dada alijiinamia sakafuni, akaziba masikio.

Alipoinua kichwa, chumba kilikuwa kimetulia. Sakafuni palikuwa na boksi lililokunjamana, pini, magazeti, na bastola iliyopasuka katikati. Mama alikuwa kwenye kiti, ameegemea ukuta. Macho maangavu. Mashavu mororo.

"Mama?"

"Uji wa leo mtamu, mwanangu."

Uji ulikuwa bado jikoni, ukiungua.

Asubuhi Dada alikwenda karakana mbio mbio, kanga imefungwa ovyo. Mzee Gundi alikuwa akipaka rangi ya fedha kwenye kopo.

"Ni yeye?" Dada aliuliza, akihema. "Niambie. Yule nyumbani ni mama yangu? Nani kamjaza nani?"

Brashi ilisimama hewani. Mzee alionekana mchovu, na kwa mara ya kwanza Dada aliona kwamba alikuwa ameketi na kigoda chake kimebanwa ukutani, kama alivyokuwa siku ile ya kofia, wala Dada hakuwahi kumwona akiinuka.

"Anakula?"

"Anakula."

"Anakujua?"

"...Ananijua."

"Basi, mwanangu," alisema kwa huruma, "ulitaka nini kingine?"

Dada aliikaza kanga yake, akatoka. Alirudi nyumbani, akawasha jiko.

Magharibi ilipoingia alichukua chupa ya mafuta, kama jioni zote. Akamimina kiganjani, akayapasha kwa kusugua. Mama aliketi pale pale, mgongo umebana ukutani, akimtazama kila alipopita, uso ukimfuata.

"Inama kidogo, Mama. Nikukande."

"Leo mgongo hauumi, mwanangu."

Mafuta yalichuruzika mpaka kwenye kiwiko cha Dada. Angeweza kupitisha mkono. Ni kuugusa mgongo tu, nyuma ya bega pale, ajue. Aliunyoosha mkono. Ukafika karibu na upindo wa nguo... akasikia harufu ya gundi, hafifu, au labda ni ya karakana, imebaki kwenye kanga yake mwenyewe.

Akaurudisha mkono. Akaupangusa. Akaketi mbele ya mama yake na kuchukua bakuli.

"Kula, Mama."

Mama akala, kijiko kwa kijiko, mpaka bakuli likaisha. Kisha akatabasamu, akafungua mikono yote miwili, kwa upana, kama alivyokuwa akifanya wakitoka shule.

"Umechoka, Dada. Njoo nikukumbatie."

Tangu mdogo wake apotee, hakuna aliyemkumbatia. Mwili wake uliinama mbele wenyewe.

"Kesho, Mama," alisema.

Alisema hivyo na siku iliyofuata, na nyingine tena. Lakini kila jioni anakisogeza kiti chake karibu naye kidogo.