Uzi Mweusi

Haya yalimkuta rafiki yangu, yule anayepokea simu za wateja wa maji. Mkewe alikuwa ndiyo kwanza amezikwa, shule zikafungwa, kazi ikahamia chumbani. Binti yao hakubali mtu aguse nywele zake. Mama ndiye aliyemsuka kwa uzi mweusi, akiukata kwa meno, maana mkasi wa nyumba ile hauonekani ukihitajika.

Baba wa watu akatafuta dada wa kulea. Akamwambia, "Mlango nitauacha wazi. Ingia tu, nitakuwa kwenye simu."

Asubuhi, mteja akiwa anafoka sikioni, akasikia nyayo ukumbini. Kisha chanuo likikwaruza, na sauti ya chini: "Tulia mwanangu, namalizia." Mtoto akacheka. Alikuwa hajacheka tangu msiba. Baba akazima maiki, akalia.

Mlango wa nje ukagongwa.

"Shikamoo, baba. Nisamehe, nimekosa gari. Ndiyo nafika."

Baba akakimbilia chumba cha mtoto. Pazia lilikuwa limefungwa. Gizani binti alikuwa peke yake sakafuni, kichwa kimeinama upande, amesukwa chote. Baba akapapasa msuko wa mwisho, nyuma ya sikio. Ncha ya uzi ilikuwa bado imelowa mate.