Baba Alisema "Yule", Mimi Nikasema "Ile"

Nilikuta pikipiki yangu imechinjwa.

Ndio, imechinjwa. Kwa mafundi wetu wa Machakos, kuchinja ni kufungua chombo kizima ukauza spea moja moja. Kwenye sakafu ya gereji ilikuwa imebaki fremu tupu na boliti kwenye mkebe.

Aliyeichinja ni Laban... rafiki wa Baba, mwenzake wa gereji kwa miaka kumi na tano.

Ni 1997, nina miaka kumi na miwili. Jumapili iliyofuata ningeshindana na watoto wenzangu kwenye mbio za pikipiki kule Lukenya, msichana pekee. Wenzangu walikuwa na pikipiki mpya. Yangu, themanini ndogo, yaani ya injini ya sisi themanini tu, Baba na Laban waliiokota ikiwa mzoga, wakaitafutia spea kuukuu miaka miwili.

Kabla sijapata sauti ya kulia, Baba akaingia na wageni kutoka Mombasa. Laban akamnyoshea bahasha.

"Hii ni nini?"

"Pesa ya ile ndogo. Si ulituma neno nichinje?"

"Mimi?"

"Layla ndiye aliniletea."

Baba akanigeukia. "Layla, ulimwambia Laban achinje pikipiki?"

"Hapana, Baba."

Na sikudanganya, jamani. Neno pikipiki halikutoka kinywani mwangu.

"Mwizi wewe," Baba akamwambia Laban mbele ya wageni. "Tena unamsingizia mtoto."

Hapo ndipo mbuzi wetu mdogo akalia nyuma ya gereji. Nikaelewa kila kitu.

Ngojeni niwaeleze. Jumatano Baba alikuwa amepiga simu kutoka Mombasa kwenye duka la jirani, nikaipokea mimi. "Mwambie Laban yule mdogo achinjwe kabla ya Jumamosi. Nakuja na wageni."

Yule mdogo. Mbuzi. Laban angempeleka tu kwa Maalim wa msikitini, maana yeye ni Mkristo, na sisi Waislamu hawezi kutuchinjia.

Mimi nikakimbia gereji, kamba ya kuruka mkononi. "Baba amesema ile ndogo ichinjwe kabla ya Jumamosi."

Baba ni mtu wa Pwani, ngeli zake zimenyooka. Mimi nimekulia Machakos, na huku kwetu hata mbuzi ni "ile".

Laban alishtuka. "Ile ndogo? Ati ichinjwe? Uko na hakika?"

"Ndivyo amesema."

Nikarudi mchezoni. Mtu ambaye hajawahi kuambiwa atuchinjie hata kuku angefikiria mbuzi kwa nini? Kwake ndogo ilikuwa moja tu. Akadhani Baba amekwama kwa pesa huko Mombasa, akachukua spana huku moyo unamuuma.

Baba angeuliza swali moja zaidi, yangeisha. Hakuuliza. Hasira hasara. Nami ningesema neno moja tu. Sikusema.

Laban alinitazama. Nikatazama chini. Akaweka bahasha mezani, akaondoka bila kuchukua hata bisibisi yake. Kufikia Jumatatu mji mzima ulishajua Laban ni mwizi, na nani atamwachia mwizi injini yake?

Baba akaanza kutafuta upya. Kila Jumamosi tulizunguka kwa wauza spea. Gurudumu la nyuma tulilikuta kwenye mkokoteni wa maji karibu na machimbo ya mawe ya Lukenya. Tangi lilikuwa kwenye kioski kimoja Athi River, limejaa mafuta ya taa. Kiti, usinicheke, bibi mmoja Tala alikuwa anakikalia akichambua maharagwe, na tulimbembeleza mwezi mzima.

Nilishakuwa mkubwa kuliko hiyo pikipiki, lakini Baba hakuacha. Kila tulipopata spea alisema, "Laban ameniumiza, mwanangu. Ningempa hata nyumba yangu aniwekee."

Nami nilijiambia, kesho nitamwambia. Kesho hiyo ilichukua miaka kumi na moja.

Mwaka wa 2008 Baba akafariki alfajiri. Adhuhuri tukawa tumeshamzika, kama desturi yetu. Pikipiki ilikuwa imebakiza kabureta tu, nikaapa nitaimaliza.

Justus, muuza spea wa sokoni, akaniambia, "Kabureta ya themanini? Kuna mzee Kalama ako nayo. Lakini hauzi."

Nikaenda hadi kijijini kwake, mbali na mji. Mzee akatoka kwenye mbaazi na jembe begani, viganja vimekauka, hakuna hata doa la grisi. Alikuwa Laban, kumbe Kalama ni jina la babake.

"Layla," akasema, kana kwamba tuliachana jana. Akaingia ndani, akarudi na kabureta imefungwa kwa kitambaa. "Hii sikuuza. Nilijua babako akitulia atakuja kuiuliza."

Nikapiga magoti pale pale, nikamwambia yote. Ile, yule, mbuzi, kunyamaza kwangu.

"Nilijua," akasema. "Mbuzi alipolia nilikuangalia, na wewe ukaangalia chini."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa mtoto. Mtu mzima hamfanyi mtoto ngao yake."

Nililia hadi nikakosa pumzi. Akaniinua, akanipangusa vumbi kwenye magoti, akatabasamu.

"Sasa wewe ni mkubwa. Enda umwambie babako Sharifu vile umeniambia. Mwambie nitakuja Jumapili, tufunge hiyo kabureta na yeye."

Jamani... nilitamani ardhi inimeze.

"Mzee Laban. Baba tulimzika wiki tatu zilizopita."

Alikaa kwenye jiwe la mlangoni. Akakunja kile kitambaa mara mbili, mara nne, hadi hakikukunjika tena.

"Alikufa akijua mimi ni mwizi?"

"Ndio."

Hakunitukana. Aliniwekea kabureta mkononi, akachukua jembe, akarudi shambani.

Wewe unayesoma, kama kuna mtu amebeba kosa lako, mtue huo mzigo leo hii, mbele ya yule yule anayepaswa kusikia. Mimi nimeandika hapa, mmesoma wengi, na nawashukuru. Lakini Laban hakuwahi kuwataka nyinyi. Alimtaka mtu mmoja tu.