Mashamba Sitini na Matatu ya Baba

Asubuhi ya Jumanne ile nilikuwa uani kwetu Iringo, mjini Musoma, nikiosha buti za baba kabla ya kwenda shule. Ilikuwa Machi mwaka 1998. Mvua zilikuwa zimenyesha tangu Novemba, na buti zilikuwa zimeganda matope ya Bunda. Baba alikuwa amerudi Jumamosi akiwa na homa kali, lakini alisema akipata nafuu atarudi kazini Alhamisi, kwa hiyo nilizisugua vizuri, hata nyayo. Mama akatoka, akasimama mlangoni. Akaniambia niache buti, niingie ndani. Alisema polepole sana, ndipo nikajua.

Baba yangu aliitwa Felisian Wambura. Zamani alipanga madaraja ya pamba katika chama cha ushirika. Chama kilipofilisika na wanunuzi binafsi walipoingia, alipata kazi katika ofisi ndogo ya ukaguzi hapa Musoma. Ofisi hiyo ilikagua mashamba ya pamba isiyopulizwa dawa. Wanunuzi wa nje waliitaka sana pamba ya namna hiyo, lakini hawakuinunua bila cheti. Kazi ya baba ilikuwa kutembea shamba kwa shamba, Bunda hadi Butiama, kuhakikisha kwamba mkulima anayesema hakupuliza dawa kweli hakupuliza. Kila shamba aliliandika katika daftari lake. Alipofariki, daftari lilikuwa na mashamba sitini na matatu.

Tulimzika kijijini kwetu, karibu na Butiama. Siku ya kuanua matanga, wazee wa ukoo walimkalisha baba mdogo Werema mbele ya watu, wakampa fimbo ya baba na kumwita Wambura. Katika ukoo wetu ndivyo mrithi anavyofanywa. Tangu siku hiyo kijijini hakuna aliyemwita Werema tena, na bibi alipomsalimia alimsalimia kama alivyokuwa akimsalimia baba, mwanawe mkubwa. Mimi niliendelea kumwita baba mdogo. Hakuna aliyenikataza.

Baba mdogo naye alikuwa ofisi ileile, bado anajifunza. Alikuwa amemaliza kidato cha nne na kusoma kozi ya ukaguzi Mwanza, na alikuwa ametembea mashamba sita tu pamoja na baba. Baada ya msiba, mshahara wake ndio ulitulisha sote.

Mwezi wa Mei, mkuu wa ofisi, Bwana Apolinary, alikuja nyumbani na bahasha. Alieleza kwamba wanunuzi sasa hawaridhiki na cheti cha ofisi yoyote tu. Wanataka ofisi inayotoa vyeti nayo ikaguliwe, ionekane kama inafaa kuwakagua wengine. Kukubaliwa huko kunaitwa ithibati. Ndani ya bahasha mlikuwa na fomu ya kila mkaguzi: amesoma wapi, amefanya kazi ya pamba miaka mingapi, amekagua mashamba mangapi. Asiyefikisha mashamba ishirini, aliyoyakagua mwenyewe akiangaliwa na mkaguzi mzoefu, hakubaliwi. Ofisi isiyo na hata mkaguzi mmoja aliyekubaliwa haipati ithibati.

"Na tusipoipata, tunafunga," alisema Bwana Apolinary. "Mimi, wewe, na mhudumu wa chai."

Baba mdogo alisema ana mashamba sita. Bwana Apolinary aliangalia fimbo iliyosimamishwa pembeni ya kabati.

"Kwani wewe si Wambura?" akauliza. "Ulirithi jina, ukarithi watoto. Kazi yake uliiacha kaburini?"

Alicheka kidogo. Baba mdogo hakucheka. Aliniita, kwa kuwa nilikuwa darasa la sita na mwandiko wangu ulisifiwa, akaniambia ninakili mashamba yote ya daftari kwenye fomu. Juu ya fomu niliandika jina la Wambura. Nilimuuliza kama hayo si mashamba ya baba.

"Ni ya nyumba hii, Dorotea," alijibu. "Wazee walinipa mbele ya watu. Sikuiba."

Nadhani nusu ya moyo wake iliamini hivyo. Hata mimi nilitaka kuamini. Lakini nilipofika shamba la mwisho, lile la Bunda ambalo matope yake niliyaosha kwenye buti, herufi za mstari ule zilitoka zimepinda.

Kuanzia hapo sikuwa na raha. Shuleni mwalimu akiniita jina, nilishtuka. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya nyumba nilidhani imekuja kwa sababu ya fomu ile. Nilihesabu nani angekosa kazi nikisema, na nani angekosa nisiposema, na hesabu haikutoka. Mama alidhani ni huzuni ya msiba, akaniongezea uji.

Juni shule zilipofungwa, mgeni aliwasili kutoka Dar es Salaam. Aliitwa Bi Tereza, mwanamke mfupi aliyevaa raba na kofia ya ukindu. Hakuja kukagua pamba. Alikuja kumwangalia mkaguzi akikagua. Alichagua mwenyewe shamba la Mzee Magige, ambalo linapakana na kwa bibi kule kijijini, na siku hiyo nilikuwa huko likizo. Bibi alinituma niwapelekee maji ya kunywa.

Pamba ilikuwa imeanza kupasuka. Baba mdogo alimwamkia Mzee Magige, akafungua karatasi zake na kuuliza maswali yote kwa utaratibu: mbegu ilitoka wapi, mbolea gani, palilia ya kwanza lini. Aliandika kila jibu. Bi Tereza alisimama nyuma yake, akitazama. Mzee Magige, ambaye alikuwa na ulimi wake, alianza kuchoka.

"Wewe Wambura mdogo," akamwambia baba mdogo, "pamba iko huku, unakagua karatasi. Kaka yako alikuwaga anaanza na ndoo."

Baba mdogo aliinua kichwa. "Ndoo gani, mzee?"

Mimi nilijua. Baba alitusimulia mara nyingi mezani kwamba kabla ya kuingia shambani hunusa kila ndoo ya nyumba, kwa sababu mtu anaweza kusahau alichopuliza lakini ndoo haisahau. Baba mdogo hakuwahi kuwa mezani siku hizo, na katika mashamba yale sita baba alimtuma atangulie shambani na karatasi, yeye akabaki uani na ndoo.

Bi Tereza alikwenda mwenyewe hadi ukutani mwa nyumba ya mzee, akainua ndoo ya plastiki ya kijani, akainusa. Akampa Mzee Magige. Mzee alinusa, uso ukambadilika. Alisema ndoo hiyo aliiazimisha kwa jirani wa ng'ambo ya kijito juma lililopita, na jirani yule hupuliza dawa. Tangu irudishwe, amemwagilia nayo miche ya mboga kandokando ya pamba. Alisema hakujua. Sote tuliona hadanganyi.

Bi Tereza aliandika jambo moja kwenye daftari lake. Kisha akatoa fomu niliyoijaza, akamuuliza baba mdogo kwa upole: katika mashamba sitini na matatu, ni mara ngapi amekuta ndoo kama hii, na alifanya nini? Baba mdogo alisema hakumbuki vizuri. Bi Tereza akapindua ukurasa, akauliza mwandiko mzuri huu ni wa nani. Baba mdogo alinionyesha mimi.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ndiyo, shikamoo," nikasema, nikichanganya maneno kwa hofu.

Aliitikia marahaba, akasema atapumzika kidogo kivulini, tutaendelea baadaye. Nilimfuata baba mdogo hadi kwenye kijito, ambako alikuwa ananawa uso.

"Baba mdogo, akiniuliza tena sitaweza kunyamaza. Nenda umwambie wewe."

Maji yalikuwa yanamdondoka kidevuni. Nilidhani atanipiga, ingawa hakuwahi kunipiga. Mwishowe aliuliza kama najua kitakachotupata sisi na mama yangu ofisi ikifungwa. Nikasema najua. Nikasema pia kwamba bila Bi Tereza, Mzee Magige angepewa cheti leo, na pamba yake ingefika kwa wanunuzi wa nje ikiwa na dawa, na wakulima wote wa Bunda wangeonekana waongo. Baba alikuwa akisema cheti kimoja kibaya huharibu vyote.

Baba mdogo alijifuta uso kwa shati. Akarudi, akasimama mbele ya Bi Tereza kama mwanafunzi.

"Mama, mashamba yangu ni sita," alisema. "Hayo mengine ni ya marehemu kaka yangu. Nilirithi jina lake, nikadhani na mashamba yamo."

Bi Tereza hakukasirika. Alimwomba aketi, akaniita na mimi.

"Pole kwa msiba," alisema. "Jina umelirithi kihalali, na watoto ni wako. Lakini mashamba aliyotembea ndugu yako yalimfundisha yeye. Yalimfundisha kunusa ndoo. Mtu hapewi hilo na wazee wala na karatasi, analipata kwa miguu yake. Anayemthibitisha mwenzake lazima kwanza awe mkweli kuhusu anachokijua yeye mwenyewe. Leo umeanza hapo." Akanigeukia. "Na wewe binti, mwandiko mzuri usiukopeshe kwa jambo usiloliamini."

Ithibati haikupatikana mwaka ule. Bwana Apolinary aliondoka ofisini kabla ya Agosti. Pamba ya Mzee Magige na wenzake iliuzwa kama pamba ya kawaida, na mzee alitununia hadi Krismasi. Nyumbani tulikula ugali na dagaa siku nyingi, na mama aliuza vitambaa vyake viwili. Lakini Bi Tereza aliandika katika taarifa yake kwamba mkaguzi alisema ukweli kabla ya kulazimishwa, na kwa sababu hiyo ofisi haikufungiwa. Ilipewa hadi mwisho wa mwaka uliofuata kutimiza masharti. Mkaguzi mzee aitwaye Bernado aliletwa kutoka Mwanza, na baba mdogo alitembea nyuma yake mashamba kumi na manne, akichafua buti zake mwenyewe. Shamba la ishirini alilimaliza Septemba 1999, na ithibati ikaja mwezi uliofuata.

Siku hizi baba mdogo ndiye mkaguzi mkubwa wa ofisi ile. Kila Jumatatu hupanda basi la asubuhi kwenda Bunda, na wakaguzi wawili wanaojifunza huenda pamoja naye.