Mlango wa Gari la Mkunga

Nyumba yetu iko nyuma ya karakana ya baba, na hakuna njia nyingine ya kutokea. Ukienda shule, dukani au hata kutupa taka, lazima upite katikati ya magari yaliyogongwa. Kila asubuhi nilioga, nikavaa sare, mama akanikagua kuanzia shingo hadi visigino, kisha nikapita hapo na begi mgongoni huku nikiwaamkia mafundi mmoja mmoja. Wakati ule ulikuwa msimu wa baridi kavu, ngozi zinapauka, na mama hakutaka kabisa kuona mtoto wake akienda shule na miguu myeupe. Alinimwagia mafuta ya kujipaka viganjani na kusimama pembeni kunisimamia.

"Jipake vizuri! Watu watasema tunakulaza kwenye majivu," alikuwa akisema.

Baba yangu ni fundi rangi. Gari lililogongwa likiletwa kwake, fundi bodi hunyoosha bati kwanza kwa nyundo. Palipobaki mabonde hujazwa puti, na puti ikikauka hupigwa msasa mpaka iwe sawasawa na bati. Ndipo baba anapopuliza rangi. Wateja walimsifu baba, maana rangi ndiyo inayoonekana. Lakini baba mwenyewe, siku akiwa na furaha, alisema nusu ya sifa hizo ni za Mzee Msasa.

Mzee Msasa ndiye aliyekuwa akipiga msasa. Jina hilo alipewa na mafundi, akalizoea, mpaka mkewe naye akawa anamwita hivyo hivyo. Alikuwa amefanya kazi na baba kwa miaka kumi na tisa, yaani alianza kabla mimi sijazaliwa. Hakuwa ndugu yetu wa damu, lakini mimi nilimwita babu.

"Shikamoo, babu. Umeamkaje?" nilimuuliza kila asubuhi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimeamka upande mmoja tu. Upande wa pili bado umelala," alinijibu kila asubuhi, na kila asubuhi nilicheka.

Palikuwa na kanuni moja pale karakana ambayo hata mbwa wetu, nadhani, aliijua. Mzee Msasa akimaliza kazi yake, alichukua kitambaa safi, akakilowesha thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, na kuufuta mlango au boneti mpaka usibaki na vumbi wala mafuta. Baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Baba hagusi, fundi bodi hagusi, mwenye gari hagusi. Mimi nilidhani kanuni hiyo imewekwa kwa ajili ya watu wenye mikono michafu.

Siku moja, ilikuwa Jumatano, gari dogo la mkunga wa zahanati lilikuwa tayari kupulizwa rangi. Lori lilikuwa limerudi nyuma bila kuangalia na kuubonyeza mlango wake wa mbele. Kwa wiki tatu mkunga alikuwa akienda kwa miguu kuwaona akina mama waliojifungua, na baba alikuwa amemwahidi gari lake Alhamisi. Kulikuwa na ahadi nyingine pia, ambayo nilikuwa nikiiota. Rangi ya kijani itakayobaki ingepakwa kwenye baiskeli yangu.

Nilipopita asubuhi ile, vioo vya gari vilikuwa vimefunikwa kwa magazeti. Baba alikuwa chumba cha pili akichanganya rangi. Mzee Msasa alikuwa ametoka na ndoo kwenda kuchota maji ya kumwagia sakafu ili vumbi litulie. Nikabaki mimi na ule mlango.

Jana yake Mzee Msasa alikuwa amejisifu. "Mlango huu ukiupapasa umefumba macho, hutajua puti imeishia wapi na bati limeanzia wapi." Maneno hayo yalikuwa yamenikaa kichwani. Nilitazama huku na huku. Mikono yangu ilikuwa safi, nimetoka kuoga sasa hivi. Nikafumba macho, nikaweka kiganja kwenye mlango na kukipitisha polepole kutoka mwanzo hadi mwisho. Mzee Msasa alisema kweli. Sikupata mpaka wowote. Nikafumbua macho na kukimbilia shule nikiwa nimefurahi.

Niliporudi mchana niliisikia sauti ya baba kabla sijafika langoni.

"Tazama! Tazama mwenyewe!"

Rangi mpya iling'aa kila mahali isipokuwa kwenye mstari uliokata katikati ya mlango. Hapo ilikuwa imejitenga na kuacha vishimo vidogo vidogo, kama maji yanavyojitenga ukiyamwaga kwenye sufuria yenye mafuta. Mvuke wa thina ulinichoma puani. Baba alikuwa na barakoa yake mkononi na jasho usoni.

"Nilifuta, fundi," Mzee Msasa alisema.

"Ulifuta nini? Hapa pana mafuta! Rangi haidanganyi!"

"Nilifuta kama ninavyofuta siku zote."

"Miaka kumi na tisa, leo hujui kufuta mlango? Kama macho yamechoka, sema tukutafutie kiti ukae!"

Fundi bodi aliinama akajifanya anatafuta spana. Mimi nilitazama vile vishimo na kuona vilikopita. Vilianzia pale nilipoanzia mimi na kuishia pale nilipoishia. Nikatazama kiganja changu. Hakikuwa na uchafu wowote, ila kilikuwa laini, kwa yale mafuta ya mama. Hapo ndipo nilipoelewa.

Mzee Msasa alinigeukia. Alinitazama kidogo, akatazama mlango, kisha akanitazama tena.

"Umerudi, mjukuu wangu. Una habari gani leo?"

"Sina, babu," nikasema, na kuingia ndani haraka.

Nilijiambia nitasema jioni baba akipoa. Jioni nikaona bora asubuhi. Asubuhi nikasema kwanza gari liishe. Nilikuwa naogopa kukaripiwa, hilo ni kweli, lakini nisiseme uongo tena: nilikuwa naiwaza pia ile baiskeli.

Alhamisi mkunga alikuja, akaona gari lake halijawa tayari. "Basi, miguu ipo," alisema, akaondoka na mfuko wake begani. Siku hiyo Mzee Msasa aliuosha mlango ule kwa maji na sabuni, mara tatu, kabla hajaugusa kwa msasa. Baba alipita akamkejeli, "Leo umekuwa mwosha magari?" Mzee aliendelea kuosha pale pale katikati ya mlango. Ijumaa baba alipuliza upya, na rangi ikakaa vizuri sana.

Jumamosi gari liliondoka. Jioni hiyo Mzee Msasa alikunja ovaroli yake, akaiweka juu ya benchi na kumkabidhi baba ufunguo wa stoo.

"Nimechoka, fundi. Acha nipumzike."

Baba alidhani ni hasira za siku mbili. Lakini Jumatatu Mzee Msasa hakuja, wala Jumanne. Wiki iliyofuata baba alimleta kijana mwingine wa kupiga msasa, na baiskeli yangu ikapakwa rangi. Watoto wa mtaa waliizunguka wakaishika, wakauliza kama wanaweza kuipanda. Niliwaruhusu wote. Mimi mwenyewe kila nilipoikalia niliukumbuka ule mlango, nikaiegemeza ukutani.

Siku ya kumi na moja tangu Mzee Msasa aondoke, nilikuwa nimesimama karibu na meza ya baba nikisubiri anisainie daftari, simu yake ikaita. Nilimsikia akisalimiana na mtu. Kisha uso wake ukabadilika.

"Mzee Msasa? Ndiyo, namfahamu… Sawa, anataka kazi kwako… Ah, ndugu yangu, nikufiche nini? Zamani alikuwa fundi hasa. Sasa hivi amekuwa mzembe. Hafuti vizuri. Aliniharibia mlango mzima wa mteja."

Nilikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Ningeweza kumshika mkono. Ningeweza kupiga kelele. Badala yake nikasimama pale na daftari langu mpaka baba akasema "haya, kwaheri" na kuiweka simu mezani.

"Baba, ni mimi," nikasema.

"Ni wewe nini?"

"Niliyegusa mlango. Wa mkunga. Nilikuwa nimejipaka mafuta. Babu alifuta, baba. Alifuta vizuri kabisa, mimi nikaja nikagusa."

Maneno yaliyonishinda siku zote hizo yalitoka kwa pumzi moja, na machozi yakafuata. Nilingoja mkong'oto wa maneno. Baba alivuta kopo tupu la rangi akakaa juu yake, akajishika kichwa. Baadaye aliichukua simu na kumpigia yule mtu.

"Ndugu yangu, yale niliyokwambia nimekosea. Mzee hana kosa… Lini? Sasa hivi?… Hata hukungoja?… Haya."

Aliishusha simu polepole. "Amesema amekwishamchukua mtu mwingine. Alikuwa naye hapo hapo, alikuwa anangoja neno langu tu."

Sijui kama kuna sentensi iliyowahi kuniumiza kama hiyo. Kama ningesema dakika moja mapema, ni dakika moja tu, Mzee Msasa angepata ile kazi.

Jumapili baba alivaa shati lake la heshima, akanishika mkono, tukaenda. Mzee Msasa alikuwa amepanga vyumba viwili mtaa wa pili. Tulimkuta mlangoni akisugua kigoda kwa msasa, mkewe akichambua mchele pembeni yake. Alituletea viti kana kwamba tulikuwa wageni wa kawaida.

Baba hakukaa. "Mzee wangu, nimekuja kukuomba radhi. Nilikuvunjia heshima mbele za watu, tena bila kosa. Na juzi juzi nimekuharibia kazi kwa mdomo wangu. Kesho nitasema mbele ya mafundi wote kwamba wewe hukukosea." Sijawahi kumwona baba akiongea huku ameinamisha kichwa. Kisha akanisogeza mbele.

"Nisamehe, babu," nikasema. "Ni mimi niliyegusa."

"Najua," Mzee Msasa akasema.

Baba aliinua kichwa. "Ulijua?"

"Tangu siku ile ile. Wewe ulikuwa umejaa hasira, hukuangalia. Mimi niliinama nikaona mstari umepita usawa wa kifua cha mtoto, na mwisho wake pana alama za vidole vinne. Vidogo." Akanigeukia. "Lete mkono."

Nikampa. Aliuweka juu ya kiganja chake kilichojaa sugu. Vidole vyangu havikufika hata nusu ya vidole vyake.

"Ndio huu," akasema, na kuuachia.

"Sasa kwa nini hukuniambia, mzee?" baba akauliza.

"Ungeniuliza, fundi, ningekwambia. Hukuniuliza. Uliniambia macho yamechoka. Na huyu nilimuuliza ana habari gani, akasema hana. Nikasema nimpe siku moja, atasema mwenyewe, namfahamu mjukuu wangu. Nikampa na ya pili. Siku ya tatu nikaona nikae nyumbani."

Mkewe aliacha kuchambua mchele, akanitazama. Hakuwa na hasira. Ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

Baba alimsihi arudi. Alimwambia ovaroli yake iko pale pale na ufunguo wa stoo ni wake. Mzee Msasa alitikisa kichwa.

"Nimekwishampa neno seremala wa pale kona. Naanza kesho, kusugua meza. Si kazi niliyoizoea, lakini yeye ameniamini bila kumpigia mtu simu. Siwezi kumgeuka."

Nililia waziwazi, sikujali mtu. Mzee Msasa alinivuta karibu.

"Sikiliza, mjukuu wangu, ulishike hili mpaka ukue. Kugusa mlango halikuwa kosa kubwa. Ulitaka kujua, na mtoto ana haki ya kutaka kujua. Mafuta yale niliyatoa kwa sabuni na maji, asubuhi moja. Kama ungesema siku ile, ungekaripiwa mpaka jioni, tukala, yakaisha. Kimya chako ndicho kilichonitoa kazini, kikamfanya baba yako aseme maneno yasiyo ya kweli juu yangu. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mtu mwingine hajaanza kulipia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, babu."

"Na wewe, fundi," akamwambia baba kwa sauti ya chini, "uliza kwanza."

"Nimesikia, mzee," baba akajibu.

Siku ya pili baba aliwakusanya mafundi akasema kama alivyoahidi. Tangu hapo, kila Jumamosi nafanya kazi karakana kwa amri yake, napiga msasa na kufuta, na kabla ya kushika kitambaa naosha mikono kwa sabuni hadi viwikoni. Vishimo bado hutokea mara moja moja. Baba akiviona huweka chini bomba lake la rangi, huvua barakoa na kuuliza kwa upole, "Nani amegusa hapa?" Kisha anangoja. Ikiwa ni mimi, nainua mkono kabla hajamaliza kuuliza.

Ovaroli ya Mzee Msasa sasa imetundikwa ukutani, hakuna anayeivaa. Nikitoka shule napitia kwa seremala kumwamkia. Huwa amejaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Bado ananijibu kwamba upande wake mmoja umelala, nami bado nacheka, ila sasa lazima nipite mtaa wa pili ili nilisikie jibu hilo.