Anga ya Johana

Shule zilikuwa zinafunguliwa, na duka la vitabu mjini Kericho lilijaa wazazi. Karatasi nzito ya rangi za maji ilikuwa imebaki moja tu. Johana aliishika huku, msichana mwenye sweta ya manjano akaishika kule, na hakuna aliyeachilia. Mwishowe msichana akacheka, akasema wagawane. Aliitwa Mellen, mchora ramani katika ofisi ya msanifu wa majengo. Alipoona jinsi Johana anavyopaka anga, mawingu yakaonekana kweli yanatoka milima ya Mau na mvua yake, alimtafutia kazi ofisini kwao. Mellen akawa anachora nyumba, Johana anazivika rangi. Kabla ya Krismasi walikuwa wapenzi.

Mwaka wa tisini na saba ikaletwa kompyuta, na pamoja nayo James, fundi wa Nairobi mwenye shati lililonyooka na marashi yanayomtangulia mlangoni. Kazi yake ilikuwa kumfundisha Mellen kuipa michoro ya mashine sura ya rangi iliyopakwa kwa mkono. Kila siku Johana aliona vichwa viwili mbele ya kioo kimoja cha kompyuta, na wivu ukamwingia. Mellen alipomwomba karatasi zake za kujaribia rangi ili azitie kwenye kompyuta, alisema hana.

Alasiri moja aliingia akakuta mchoro wa ukumbi wa kanisa umetoka kwenye printa, na mkono wa James umelala nyuma ya kiti cha Mellen. Johana alichovya brashi majini akaipitisha juu ya anga ya mchoro ule. Wino ukatiririka hadi kwenye mlango wa ukumbi uliochorwa.

“Wazee wa kanisa wako nje, wamekuja kuuona,” Mellen alisema polepole.

Kuchapa mwingine kungechukua saa nzima, kwa hiyo wazee waliondoka bila kuona kitu. Johana akakaa nyumbani siku kadhaa, kisha akaenda kupiga simu kwenye kibanda cha posta.

“Mellen, ni mimi.”

“Najua. Nani mwingine anapumua hivyo kwa simu?”

“James anakupenda?”

“Ananipenda. Aliniambia. Nikamwambia niko na mtu wangu, na mtu wangu ameniharibia kazi.”

Johana alimwomba msamaha, akauliza sasa afanye nini.

“Uje. Wazee wamekubali kurudi kesho. Anga ya kompyuta haina uhai, mpenzi. Sikutaka karatasi zako tu. Nilitaka ukae hapa uniambie mvua inaanzia wapi.”

Alikuja na karatasi zake zote, ila moyo haukuwa umetulia. James akiwa ameketi kando yake, Mellen alizilaza moja moja kwenye skana, mashine ya kuingiza picha kwenye kompyuta. Johana alipoona madoa yake ya rangi yakipanda kwenye kioo cha kompyuta, alijihisi kama mtu aliyevuliwa koti mbele ya wageni.

“Nikishakupa zote, bado utanihitaji?”

“Jumamosi nataka unipeleke Boito kwa mama yako,” Mellen alisema, macho kwenye kioo. “Hilo kompyuta haiwezi kunifanyia.”

Johana alishusha pumzi. Kisha akamgeukia James, akamwomba kwa heshima ampishe kile kiti cha kando ya Mellen.