Mtungi Mmoja, Maduka Manne

Kila siku akitoka shule, Mbio alipitia dukani kwa shangazi yake, fundi cherehani, akamwamkia, kisha akaingia chumba cha nyuma. Huko ndiko alikosoma na kula na kungoja jioni. Chumba hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na meza ya pasi karibu na mlango wa kuingilia, na marobota ya vitambaa yaliyouziba kabisa mlango wa uani. Tangu mama yake aende kufanya kazi mbali, Mbio alizoea kuzungumza na marobota. Yalikuwa wasikilizaji wazuri, ila hayajibu.

"Shangazi, leo nikae huku mbele na wewe?"

"Na wateja wakae wapi, mwanangu? Nenda kasome."

Upweke huo ulikatika siku moja tu kwa mwaka, siku ya mkaguzi wa zimamoto. Kila duka kati ya manne ya mstari ule lilitakiwa kuwa na mtungi wake wa kuzimia moto. Yote manne yalikuwa na mtungi mmoja. Mkaguzi akishauona kwa shangazi na kutoka, Mbio aliuviringisha ndani ya shuka, akakata kichochoro, akauingiza kwa kinyozi kupitia uani, huku kinyozi akimchelewesha mkaguzi mlangoni kwa salamu zisizokwisha. Kisha kwa fundi viatu. Mwisho kwa seremala, na huko ukabaki mwaka mzima, maana hakuna aliyejisumbua kuurudisha kwa shangazi kabla ya ukaguzi mwingine.

Hapo ndipo alipopata jina la Mbio. Siku hiyo watu wazima walimpigia makofi na kumnunulia soda.

"Jiji hili lina vituko," fundi viatu alisema. "Mtu anakuja kwako hujamwalika, anachungulia kila kona, halafu umlipe ada!"

"Ada tumelipa, mtungi tena? Wasituone mabwege," seremala alidakia.

Wote wakacheka, na Mbio akacheka nao. Hakuna aliyetaja chumba cha nyuma. Shangazi alikuwa amekifunga na kumwambia mkaguzi kwamba ni stoo tu, na ufunguo hauonekani.

Mchana mmoja umeme ulikatika shangazi akiwa anapiga pasi. Akaiacha juu ya kitambaa, akaenda kumpelekea mteja gauni lake. Mbio alilala juu ya marobota. Alipoamka, umeme ulikuwa umerudi na meza ilikuwa inawaka, pale pale njiani pa kutokea. Alivuta robota la kwanza ili aufikie mlango wa uani. Halikusogea hata kidogo.

"Jamani! Nipo huku nyuma!" alipiga kelele. Aliogopa moto, lakini aliogopa zaidi kwamba hakuna anayejua kama yupo.

Kinyozi alisikia. Alikimbilia mtungi kwa seremala, akakuta kufuli. Seremala alikuwa ameenda kununua mbao. Ikabidi azime swichi kuu ya umeme, kisha yeye na fundi viatu wamwage maji ndoo baada ya ndoo, mpaka wakapata upenyo wa kumtoa mtoto. Mkono wake ulikuwa umeungua kidogo.

Kesho yake mkaguzi alikuja. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti.

"Mtungi wa duka hili ulikuwa wapi?"

Shangazi alitazama chini. Kinyozi akajifanya anakuna kichwa. Mbio alijua kwamba akisema, hakuna atakayemwita Mbio tena.

"Ulikuwa kwa seremala," alisema. "Ni mmoja tu. Mimi ndiye niliyekuwa naupitisha nyuma wakati wewe unapita mbele."

Fundi viatu akalipuka. "Ada yenyewe inatukamua, mama! Hela ya mtungi itoke wapi?"

"Hilo nalikubali," mkaguzi alijibu. "Duka dogo kulipa sawa na ghala si haki, na nitalisema ofisini. Lakini ninyi mmenilipa nije kuangalia, halafu mkanifumba macho. Huko ndiko kutupa hela." Akaingia chumba cha nyuma, akatazama marobota, akatazama daftari lililoloa. "Nani anakaa humu?"

"Mimi," Mbio alisema.

"Kila siku? Peke yako?"

Shangazi alianza kulia. "Nilificha mtungi, nikaficha na mtoto," aliwaambia majirani. "Nilidhani namdanganya mkaguzi. Kumbe nilikuwa nauza usalama wa mwanangu mwenyewe. Msije mkafanya kama mimi. Anayekuja kukagua mwonyesheni kila kitu, hasa kile mnachokionea haya."

Mwezi ule kila duka lilinunua mtungi wake. Marobota yaliondolewa mlangoni, na mkaguzi akaagiza mtoto asikae tena chumba cha nyuma. Kwa wiki kadhaa majirani walimpita Mbio bila neno, na ilimuuma sana. Kisha jioni moja kinyozi alichungulia dukani.

"Mbio, siku hizi hukimbii?"

"Sina mtungi wa kukimbiza," alijibu.

Meza yake ilikuwa mbele sasa, kando ya cherehani. Wateja walisimama, na hakuna aliyelalamika.